Paka wangu mzee hali tena
Habari zenu. Paka wangu ana miaka 16. Daktari wa mifugo amesema figo zimechoka. Leo siku ya tatu hagusi hata dagaa, anajificha chini ya kabati, manyoya yamesokotana. Halii. Je, anasikia maumivu?

— Pole dada. Paka huficha maumivu. Akijikunyata na kuacha kujilamba, ndiyo kulia kwake. Tafadhali usimpe parasetamo hata chembe, ni sumu kwake!

— Wangu nilimsogezea maji na sanduku la mchanga, nikampashia supu ya samaki bila chumvi wala kitunguu.

— Asanteni. Nimemtandikia kanga yangu kuukuu hukohuko chini. Supu kalamba kidogo. Daktari anakuja kesho. Akisema ni sindano ya kumpumzisha, nitampakata mwenyewe.