Majirani wa Ganjoni: piano ya Madam

Mama Pacha: Assalam alaykum na habari za jioni nyote. Nimepigiwa simu saa hizi na yule mpwa wake Madam, marehemu mwalimu wetu wa piano, nyumba wanaikabidhi mwisho wa mwezi na piano bado iko pale pale. Auliza kama kuna mtu wetu ataichukua kabla hawajaita madalali. Hata jibu sikumpa, nimenyamaza tu simu iko mkononi

Ami: Waalaykum salam. Mungu amrehemu yule mama. Madalali wataing'oa vyuma wauze kwa kilo, mbao wafanye kabati.

Kaka wa Nairobi: Jamani isiende!! Ile piano imedumu Mombasa kwa sababu ya mikono yake tu, mwajua piano na hewa ya chumvi hazipatani, waya zashika kutu, mvua za Mei zikija ubao wa ndani wavimba halafu jua la kaskazi likiingia wanywea na sauti zote zahama. Wakumbuka ile balbu aliyokuwa akiiacha yawaka ndani kule chini karibu na pedeli mchana na usiku? watu wakidhani amesahau kuzima kumbe lile joto ndilo lilikuwa lakausha unyevu

Dada wa Kizingo: Na vifuko vya naftalini!! Nondo wapenda kula ile sufi ya kwenye nyundo za ndani zigongazo waya

Mama Pacha: Na kucha 😂 kucha ndefu warudishwa nyumbani hata uwe na hina ya Idi mbichi mkononi. Lakini Ramadhani ikiingia alikuwa akituhamishia masomo asubuhi sisi tunaofunga, hakuna mzazi aliyewahi kumwomba

Fundi: Ngojeni niandike hii vizuri maana sijawahi kuisema hapa. Mimi sikuwa mwanafunzi wake wa kulipa, mwajua nyumbani hali ilikuwa vipi. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi nikisikiza wenzangu mpaka siku moja akafungua mlango akaniambia ingia, unasikia nini huko nje ambacho humu ndani hakisikiki? Baba mdogo alikuwa mpiga udi, kila wikendi yuko arusini, masikio yangu yalikuwa taarabu tupu. Madam akaniambia haya nitafutie hapa wimbo mmoja wa arusini. Nikaanza na kidole kimoja, naenda naenda nikafika pahali sauti naitaka na siipati, nagonga kii nyeupe ya mi yawa juu, nagonga ile kii nyeusi ya kando yake yawa chini. Nikarudia weee. Hakunikatiza. Mwisho akaniambia iimbe. Nikaiimba. Akagonga zote mbili kwa pamoja akasema, sauti yako iko katikati ya hizi mbili na hapa katikati hakuna kii, piano ndiyo imepungukiwa, sikio lako liko sawa

Fundi: Mtoto wa kusimama kwenye ngazi akaambiwa hivo na mwalimu wa piano. Nyie hamjui

Mama Pacha: 😭😭

Ami: Sasa naelewa kwa nini ndugu yangu, huyo baba yako mdogo, alikwenda kule na udi. Nilidhani ameitwa kutumbuiza.

Fundi: Ameitwa kufundisha Ami! Alikaa pale alasiri nzima Madam akimuuliza maswali na daftari mkononi. Udi shingo yake haina vile vyuma vya gita, kidole chakaa popote utakapo, fidla vilevile, ndo maana zile sauti za katikati zatoka. Piano oktava, yaani kutoka do mpaka do ya juu yake, imekatwa vipande 12 sawasawa, basi. Walipomaliza baba mdogo akashuka ngazi anacheka peke yake, akaniambia yule mama asikia

Dada wa Kizingo: Yaani ndo maana watu wake hawakuwa wakiogopa sehemu ya sikio. Mitihani ya Associated Board, ile bodi ya muziki ya Uingereza, kuanzia gredi ya 1, mtahini apiga melodi kafupi wewe wairudia kwa kuimba, na watoto wengi hapo ndipo watetemekapo kuliko kwenye skeli. Sisi kila somo laanza mfuniko umefungwa, mikono mapajani, imba kwanza. Kwaya yangu naifundisha hivohivo mpaka leo, na wao hawajui imetoka nyumba gani

Dada wa Kizingo: Mimi naitaka. Si kwangu, ikae kwenye ukumbi tunaofanyia mazoezi, mlango uko wazi kila jioni

Fundi: Dadangu sina neno, ila sharti moja. Mtoto yeyote wa mtaa akija aingie, asiulizwe karo wala dini

Dada wa Kizingo: Hilo hata usingelisema

Kaka wa Nairobi: Hamali namlipa mimi, nitumieni namba. Lakini sikizeni, piano ya kusimama kama ile yafika kilo 200 na zaidi, fremu yake ni ya chuma cha kuyeyusha kwa sababu yavutwa na waya zaidi ya 200. Msiilaze. Na ikifika msikimbilie kuityuni, ikae wiki mbili tatu izoee hewa ya pale kwanza

Fundi: Na balbu iwe ile ya kizamani ya wati 25, hizi za LED hazitoi joto la kutosha. Waya wa umeme nitauvuta mimi

Ami: Mimi nina vijana wanne wa bandarini, kazi ya kubeba waijua. Jumamosi asubuhi kabla jua halijakaza. Ule mlango wa chini ni mwembamba, mtu aupime.

Mama Pacha: Nateremka kuupima sasa hivi Ami, nani ana futi?

Fundi: Ninayo, naja