Msaada: draiva ya grafiki imegoma, Windows kwenye MacBook Pro

ramani_tupu
Wakuu habari za saa hizi. Nina MacBook Pro inchi 16 ya 2019, ile ya Intel yenye kadi ya grafiki ya AMD, Radeon Pro 5300M, nasoma usanifu majengo so niliweka Windows 10 kwa Boot Camp (ile njia ya Apple ya kuwasha Windows kwenye Mac) sababu programu zetu za kuchora na kurenda, Revit na Lumion, hazina toleo la Mac. Ilikuwa inapiga kazi fresh tu, juzi Windows ikajiapdeti usiku, asubuhi skrini inawaka inazima inawaka inazima, nikaitoa draiva (programu inayoendesha kadi ya grafiki) nikijua itajirudisha, sasa Device Manager inaonyesha Microsoft Basic Display Adapter, ile draiva ya kawaida ya Windows, mwanga wa skrini haupungui na Lumion ndo haifunguki kabisa. Nimeingia saiti ya AMD nikashusha draiva yao mpya ya Adrenalin, nikiiwasha inaleta Error 182 inakata. Waifai, sauti, kibodi viko poa. Naprizenti Jumatatu, msaada tutani.

mzee_wa_bios
Pole dogo. Hiyo 182 inakwambia kadi imeonekana ila hilo faili si lake. Kadi za kwenye Mac AMD wanazitolea draiva za peke yake, kwahiyo rudi saiti hiyohiyo utafute za Boot Camp, chagua 5300M. Ukishashusha zima waifai kwanza, la sivyo Windows itakuwahi na draiva yake, ingia Safe Mode (Windows inawaka na vitu vya msingi tu), pitisha DDU, kile kiprogramu cha kufuta draiva, isafishe mabaki, washa upya ndo uinstoli. Skrini itakuwa nyeusi kidogo, usiguse batani ya pawa.

chapa_lapa
Au arudi upande wa Mac afungue Boot Camp Assistant, kule juu menyu ya Action kuna Download Windows Support Software, anaishusha kwenye flashi, akirudi Windows anafungua folda ya BootCamp anabonyeza Setup. Draiva ya humo imezeeka lakini ndo iliyopitishwa na Apple wenyewe, na mtu mwenye prizentesheni Jumatatu hahitaji mambo mapya.

binti_pwani
Samahani nadandia uzi, mi yangu ni M1 na hiyo Boot Camp siioni popote??

mzee_wa_bios
@binti_pwani hutaiona dada, mashine za chipu ya Apple tangu M1 zilipotoka 2020 hazina Boot Camp. Weka Parallels (programu ya kuendesha Windows ndani ya Mac) na Windows 11 ya ARM, ile ya chipu za aina hiyo, draiva ya skrini inakuja na Parallels yenyewe hata huhangaiki. Kwa Office na vitu vyepesi inatosha, Lumion usiiwaze.

ramani_tupu
Nimefuata ya mzee, DDU kisha ya Boot Camp, IMEKUBALI 🙏 5300M inasoma na Lumion imefunguka. Ila feni inalia kama jenereta na chaji inakatika haraka mno, ni kawaida?

mzee_wa_bios
Kawaida. Ukiwa Mac, grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa ndo inabeba kazi ndogondogo, ila ukiingia Windows kwa Boot Camp Intel inafichwa, Radeon inafanya kila kitu hata ukisoma PDF. Siku ya kuprizenti nenda na chaja. Halafu kabla hujawasha waifai tafuta Device installation settings uweke No, Windows isije ikakubadilishia draiva tena Jumapili usiku.

chapa_lapa
Na render zako nakili kwenye flashi leoleo.