Ncha laini za kawaida au zile ghali? Oda inaondoka Ijumaa

MfuataNyayo_Kafu
Habari za humu wakubwa. Bosi ameniambia niandike orodha ya risasi za kambi na oda inaondoka Ijumaa. Vibali vya polisi na vya UWA (mamlaka ya wanyamapori Uganda) vipo, huko msinitie hofu. Muuzaji ametupa bei za aina mbili. Kuna ncha laini za kawaida, yaani kiini cha madini ya risasi (lead) kilichovikwa gamba la shaba, ncha yake inafunguka ikigonga, na kuna zile ambazo kiini kimechomelewa kwenye gamba. Hizi za pili zinakaribia bei mara mbili. Ni za wanyama wakubwa. Nichukue zipi?

FundiMtutu
Ssebo, unaulizia kiatu na hujatuambia mguu wa nani. Bunduki gani? Risasi ina uzito wa greni ngapi? Unapiga kwa umbali gani? Na "wanyama wakubwa" ndio nini? Aliye Lyantonde ukimwambia mnyama mkubwa atawaza pofu, wa Moroto atawaza mbogo.

Afande_Mstaafu
Mimi hata bila kujua bunduki nasema za kawaida, basi. Remington wanauza Core-Lokt tangu 1939 na wanyama bado wanaanguka. Hela itakayobaki nunua risasi za mazoezi. Nimeona watu wana risasi za bei ya mbuzi na hawawezi kulenga debe likapatikana.

MfuataNyayo_Kafu
Niwieni radhi, niliandika haraka. Bunduki ni .375 H&H ya kambi (unene wa risasi ni inchi 0.375). Huku Kafu tunapiga kuro, pongo na nzohe. Mwezi ujao kuna mgeni wa mbogo, tunampeleka Karamoja. Mara nyingi umbali hauzidi mita 100.

FundiMtutu
Sasa tunaongea.

.375 ni bunduki ya mwaka 1912 na haina papara. Greni 300 (gramu 19 na kitu) inatoka mtutuni kwa futi kama 2,500 kwa sekunde. Mwendo huo ndio risasi ya kawaida ilitengenezewa. Gamba lake ni jembamba nchani na nene kuelekea kitakoni, kwa hiyo linafunguka mbele na nyuma inabaki nzima ya kusukuma. Shida inaanza mwendo ukizidi, au risasi ikiwa nyepesi kwa unene wake, au ikikutana na mfupa mkubwa karibu mno. Hapo gamba na kiini vinaachana, kila kimoja kinakwenda njia yake, na hakuna kinachofika mbali. Kuchomelea ni kuzuia huko kuachana, hakuna uchawi mwingine.

Kwa kuro na nzohe, greni 300 ya kawaida inatosha na inazidi. Kwa mbogo mimi ningelipa hiyo tofauti. Mbavu zake ni pana na zinakaribia kupandana, na ukimpiga begani unataka risasi ipite mfupa ndipo ianze kazi.

Pian_Mzawa
Afande, hayo ya "wanyama bado wanaanguka" nisikilize kwanza.

Nilikuwa mfuatiliaji upande wa Ziwa Mburo, kwenye mashamba ya ng'ombe nje ya hifadhi. Mgeni alikuja na .300 Winchester Magnum yake na greni 150 za kawaida. Mwenye msafara alimwambia hizo ni nyepesi kwa pofu, achukue bunduki ya kambi. Akakataa. Anaijua bunduki yake, kwao anapigia paa. Tukamkuta dume amesimama ubavu kwenye migunga, karibu kabisa, hata hatua hamsini hazifiki. Akapiga begani. Tulisikia risasi ikigonga, pofu akayumba, kisha akaondoka kwa miguu mitatu.

Damu ilikuwa nyingi mwanzoni, halafu matone, halafu hakuna kitu. Tukabaki na kwato tu, na kwato zenyewe zimechanganyika na za ng'ombe wa watu. Mchungaji mmoja akatuonyesha alikopita, la sivyo tungempoteza kabisa. Jua linazama ndio tunamkuta amesimama kichakani, hajiwezi, mwenye msafara akammaliza.

Kwenye kuchuna ndio nikaelewa. Begani kuna shimo pana la kuingia ngumi, kina chake hakuna. Nyama imejaa vipande vidogo vya risasi, gamba limejikunja limelala juu ya mfupa. Mapafu hayajaguswa. Zaidi ya futi 3,000 kwa sekunde kwenye mfupa wa pofu, ulitaka gamba lifanye nini? Na pale mgeni akawa anauliza kama lazima alipe. Mnyama aliyejeruhiwa analipiwa, bwana, hata asipopatikana.

Tangu siku ile mtu akiniambia "za kawaida zinatosha" nauliza greni kwanza.

Afande_Mstaafu
Pole, lakini hapo kosa ni la mwendo na wepesi. Mpe huyo mgeni .30-06, yenye mwendo mdogo zaidi, na greni 180 au 220 za kawaida hizohizo, pofu analala palepale. Umeiacha bunduki ukaishitaki risasi.

Halafu mnasahau tuko nchi gani. Bell, yule mwindaji wa ndovu, aliwamaliza ndovu wa Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita kwa .275 Rigby, kibunduki cha kupigia swala. Maishani aliua zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki hiyo. Nani alimchomelea risasi?

MzeeWaTororo
Mwanangu Afande, Bell usimwingize hapa. Yule hakutumia ncha laini kwa ndovu. Alitumia solidi, risasi ndefu nyembamba ya gamba gumu isiyofunguka, na alilenga ubongo. Alikuwa anapasua mafuvu ya ndovu kuchunguza ubongo umekaa wapi. Mkipata mgeni aliyesoma fuvu la mbogo namna hiyo, mpeni hata .275.

Afande_Mstaafu
Shikamoo mzee. Nilichosema ni kwamba shabaha ndiyo inaua.

MzeeWaTororo
Marahaba. Hukusema hivyo.

Mrisasi_Arusha
Jirani zenu huku Tanzania, kwa mbogo sheria haikubali chini ya .375, kwa hiyo hiyo bunduki yenu ni sawa. Wengi huku risasi ya kwanza ni ncha laini iliyochomelewa, zinazofuata kwenye magazini ya bunduki ni solidi, maana ya pili mara nyingi unampiga akiwa anakimbia amekugeuzia mgongo. Ya kwanza isiwe solidi kama yuko kundini. Inatoboa huyu inamjeruhi wa nyuma yake.

Nnyabo_Wa_Entebbe
Samahani naingilia. Hiyo nyama si inagawiwa wanakijiji? Na utumbo unaachwa porini? Vile vipande alivyoeleza Pian_Mzawa ni sumu. California walipiga marufuku kabisa risasi zenye madini ya lead kwa uwindaji, tangu 2019, sababu mojawapo ni tai wao wakubwa wanaokula mizoga. Sisi tai wetu wa mizoga wanazidi kwisha. Kwa nini hamfikirii zile za shaba tupu?

Pian_Mzawa
Nnyabo hapo una hoja. Sisi tulikata nyama yote kuzunguka lile jeraha tukaifukia. Lakini hakuna aliyetuamuru, ni kwa sababu ilikuwa inachukiza.

FundiMtutu
Za shaba tupu ni nzuri, ila ni ndefu kuliko za kawaida kwa uzito uleule. Mtutu wa zamani ambao mifereji yake ya ndani inazungusha risasi taratibu unaweza kuzikataa, zisilenge vizuri, ujaribu kwanza. Kwa .375 unaweza kushuka hadi greni 270 au chini ya hapo bila kupoteza kina.

Afande_Mstaafu
Mtu ameuliza aina mbili, sasa ziko nne. Ijumaa itafika mnabishana.

MfuataNyayo_Kafu
Nimemsomea bosi yote. Anataka nichanganye: za kawaida kwa kuro na mazoezi, za kuchomelewa kwa mbogo, zote greni 300. Ila anauliza, darubini si itabaki palepale kwa kuwa uzito ni mmoja?

FundiMtutu
Usimwamini! Uzito mmoja haimaanishi zinaangukia sehemu moja. Piga tatu za kila aina kwenye karatasi kwa mita 100. .375 ina sifa ya kuzipeleka aina tofauti karibu sehemu moja, lakini hiyo ni sifa ya .375 kwa jumla. Yenu mnaijua wenyewe. Nani aliifunga hiyo darubini, na lini?

MzeeWaTororo
Na mkizipiga hizo karatasi, apige yeye mfuatiliaji pia. Mgeni akikosa mbogo, nani anabaki mbele?

Nnyabo_Wa_Entebbe
Bado sijajibiwa kuhusu utumbo.