Chenji haikai kwenye droo, na makato ya kaunta yanagombanisha wateja

Mangi_wa_Kona
Wakuu, heshima kwenu. Minimaketi ya kaunta mbili, Dar. Ikifika saa nne asubuhi droo ina noti tupu, keshia anagawa pipi na viberiti. Halafu wateja wanagomba: bei ya shelfu si ya kaunta, mara waongeze ya mfuko, mara ada ya kutolea pesa ya simu. Mnafanyaje?

Droo_Safi
Mkuu, anza na bei. Bidhaa ya 1,950 inadai sarafu ya 50 kila noti ya 2,000 inapotoka, na hiyo sarafu siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi. Peleka bei zote kwenye mia. Zinazotoka sana, mkate na maji, zikae kwenye mia tano ikiwezekana.

Chenji ya kuanzia kwa kaunta moja, 60,000: sarafu 100 za mia, 50 za mia mbili, 40 za mia tano, na noti 20 za buku. Nusu droo, nusu ofisini mpaka saa sita. Keshia akiziona zote asubuhi atavunjia kila mwenye noti ya 10,000 aliyefuata maji tu.

Na aulize "una mia?" kabla hajafungua droo. Bili ni 3,100, mteja ana 5,000: keshia akipata ile mia anarudisha noti moja ya 2,000. Asipoipata zinamtoka buku, mia tano na mia mbili mbili.

Pipi achana nazo. Risiti imesoma 1,950, droo imepokea 2,000, pipi imetoka bila kupigwa. Jioni fedha zinazidi ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku kwenye mashine), mwisho wa mwezi boksi la pipi pungufu. Keshia mdokozi hapo ndipo anapojifichia.

Fuko_la_Sarafu
Sarafu zimejaa kwenye sadaka na vyoo vya kulipia vya stendi. Ongea na mtunza hazina wa kanisa Jumatatu, wa msikiti Ijumaa jioni, mpe noti, mhesabu pamoja. Wauza chenji wa vituoni wanakata chao, waachie makonda.

Karani_VAT
Nijibu ya makato. "Ya kutolea" inakuja kwa sababu mteja anapewa namba binafsi ya simu atume pesa. Chukua Lipa Namba (namba ya malipo ya biashara), gharama yako iingize kwenye bei. Mfuko unauzwa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 1 Juni 2019, sawa, ila bei yake ibandikwe kaunta na keshia aulize kabla ya kupiga.

VAT ya 18% iwe ndani ya bei ya shelfu: 11,800 ni 10,000 na 1,800 ya kodi. Duka lisilo na VRN (namba ya usajili wa VAT) halina VAT ya kumdai mtu, hata shilingi.

Bei mbili zinatokea ofisi ikibadilisha bei kwenye mfumo mchana na kibandiko kikabaki cha jana. Chapa vibandiko kwanza, badilisha mfumo baada ya kufunga. Ikitokea, muuzie kwa bei ya shelfu, na iwe kabla ya risiti. Ikishatoka, mashine ya risiti za kodi (EFD) haiifuti.

Mangi_wa_Kona
Nimewapata. Na mteja akikomalia 50 yake nami sina?

Droo_Safi
Piga punguzo la 50 kabla ya jumla. Risiti isome 1,900, mrudishie mia. Droo inafunga sawa.