Ushauri: pikapu gani zitanipa sauti ya roki ya zamani?

Solo_Nkuhungu
Habari zenu wakuu. Nina gitaa la umeme la umbo la Les Paul lenye hambaka mbili (pikapu za koili mbili; pikapu ni kifaa cha sumaku na koili kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) zilizotoka nalo kiwandani, napigia kwenye amplifaya ya transista ya wati 20. Nataka sauti ya roki ya miaka ya 70: ikwaruze, lakini kila noti ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) isikike. Sasa hivi pikapu ya shingoni ni ukungu mtupu, ya kwenye bridji (daraja la nyuzi) inachoma masikio. Kuna muuzaji Kariakoo ananiambia nichukue za sumaku ya seramiki zilizoandikwa kilo-omu 16 (ukinzani wa waya wa koili), eti ndizo za roki. Nimtumie hela azipakie basi la Dodoma?

FundiKoili
Usitume, mkuu. Sauti hiyo ilitoka kwenye pikapu za nguvu ya kati, na mkwaruzo ulifanywa na amplifaya ya valvu (taa za kioo za kukuza sauti) iliyofunguliwa sana. Hambaka aliyoibuni Seth Lover, ambayo Gibson walianza kuifunga kwenye Les Paul mwaka 1957, ina koili mbili za mizunguko kama 5,000 kila moja, waya wa geji 42, sumaku ya alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), na kwa kawaida inasoma kati ya kilo-omu 7 na 9. Lenga hapo hapo: bridji 8 hadi 8.5, shingoni 7 hadi 7.5.

Mizunguko ikizidi, trebo ya juu inazama na mid (sauti za kati) inajaa, halafu pikapu inaisukuma amplifaya ikwaruze mapema. Valvu inalikunja wimbi taratibu. Transista ndogo inalikata ghafla, na kodi ya nyuzi sita inageuka kelele moja.

Tena usinunue kwa kusoma omu peke yake. Waya mwembamba wa geji 44 unapandisha omu hata kama nguvu haijapanda kwa kiasi hicho. Joto nalo linabadilisha namba: shaba inaongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Pikapu inayosoma 8.0 kwenye nyuzijoto 20 itasoma karibu 8.4 mchana wa Novemba hapa kwetu. Msimshike uongo muuzaji kwa tofauti hiyo.

Kisasa_Rizimu
Hambaka si lazima. Hendrix alipiga Stratocaster yenye koili moja moja, na roki haikulalamika.

FundiKoili
Kweli kabisa, ila tundu la gitaa la Solo ni la hambaka. Zipo P-90 (pikapu za koili moja) zilizotengenezwa kwa umbo hilo na zinasikika vizuri sana, lakini zitavuta mngurumo wa umeme wa hezi 50. Kwenye nyumba ambayo soketi zake hazina ethi ya uhakika, hiyo ni shida ya kila siku.

Ihumwa_Audio
Kabla ya kununua chochote, rekebisha kimo. Bonyeza uzi wa kwanza kwenye freti ya mwisho, pima kwa rula ya chuma kutoka chini ya uzi hadi juu ya nguzo ya pikapu (kichwa cha chuma kilicho chini ya uzi), kisha fanya hivyo kwa uzi wa sita. Anza na milimita 1.6 kwenye bridji na 2.4 shingoni. Kama shingoni bado kuna ukungu, shusha pikapu hadi milimita 3, halafu pandisha skrubu za nguzo nusu mzunguko. Noti zitapata ncha bila kuongeza besi. Kwenye amplifaya weka geini (kiasi cha mkwaruzo) 4 au 5, mid 6 au 7. Geini ya 10 inaua kila pikapu.

Na pima ulichonacho. Chomeka waya wa gitaa, volyumu ifunguliwe yote, multimeta kwenye ncha ya plagi na mwili wake. Soma pia maandishi ya nyuma ya poti (vikinza vya kuzungusha vya volyumu na toni).

Solo_Nkuhungu
Shukrani. Bridji 7.8, shingoni 7.6. Poti zote nne zimeandikwa B250K. Kimo kimesaidia kiasi, ukungu bado upo.

FundiKoili
Hapo ndipo penye tatizo, mkuu. Kilo-omu 250 ni za pikapu za koili moja. Kwenye hambaka zinamwaga trebo ardhini hata volyumu ikiwa wazi yote. Na hiyo B maana yake mstari ulionyooka: volyumu haishuki taratibu masikioni, wakati roki ya zamani nusu yake ni kushusha volyumu hadi 6 ili mkwaruzo usafike.

Weka poti za A500K mbili (A ni zile zinazoshuka taratibu masikioni) upande wa shingoni, volyumu na toni, na kapasita ya nanofaradi 22. Usilipe pesa nyingi kwa kapasita ya kifahari. Toni ikiwa 10 huisikii. Upande wa bridji unachoma, kwa hiyo usiupeleke 500 mara moja. Acha 250 kwanza, lakini badilisha sumaku ikiwa ni ya seramiki. Kipande cha alniko 2 kina urefu wa milimita 63, upana 13, unene 3. Legeza skrubu nne za chini, weka alama upande unaotazama safu ya skrubu za nguzo, pima kwa dira ili mpya ikae uelekeo uleule. Ikigeuka, pikapu mbili zikipigwa pamoja sauti itakuwa nyembamba kama ya simu.

Pima na tundu: poti nyingi za Asia zinaingia kwenye milimita 8, za Marekani zinataka 9.5.

Kongwa_Nyuzi
Pasi ya kulehemu iwe wati 40. Ya 25 haipashi mgongo wa poti, utaishia kuunguza waya. Kwangua mgongo kwa msasa, risasi ya 60/40, sekunde 3 au 4 basi. Usitumie dawa ya asidi ya mafundi mabati, inakula viungo.

Solo_Nkuhungu
Nikija kununua pikapu za waya nne baadaye, rangi zinaungwaje?

Ihumwa_Audio
Inategemea kampuni. Seymour Duncan: mweusi ni wa moto (unaobeba sauti kwenda kwenye volyumu), mwekundu na mweupe viungwe pamoja na kufunikwa, kijani na ule usio na ganda viende ethi. DiMarzio: mwekundu ndio wa moto, mweusi na mweupe viungwe pamoja, kijani na usio na ganda ethi. Ukichanganya hizo chati, unaweza kuunga koili zikafutana.

Kabla ya kufunika, weka multimeta kwenye omu na uguse nguzo kwa bisibisi ya chuma. Namba itaruka juu au chini. Pikapu zote mbili ziruke upande mmoja. Zikipishana, badilisha wa moto na kijani kwenye moja tu, na ule usio na ganda ubaki ethi.