Naomba ushauri: kula baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo

Habari zenu ndugu zangu. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula likabaki kama mrija. Uzito unashuka na sukari imetulia, namshukuru Mungu. Kinachonisumbua ni kula.

Nikizidisha tonge moja tu, kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, na muda si mrefu natapika. Nyama kavu ndiyo mbaya zaidi, hata niitafune vipi. Nimeambiwa nifikishe angalau gramu 60 za protini kwa siku, na nikishakula nisubiri nusu saa ndipo ninywe maji. Sasa vyote hivyo naviingiza saa ngapi? Siku inaisha sijatimiza hata kimoja.

Halafu kuna suala la watu. Nikila vijiko vichache nikaacha, mwenyeji anaona nimedharau chakula chake. Inaniuma kweli.

Mliopitia hili, mlipangaje siku yenu? Na nywele zinazonyonyoka, zenu zilirudi baada ya muda gani? Vitamini natumia kila siku. Miadi yangu na mtaalamu wa lishe bado iko mbali, ndiyo maana nawauliza ninyi.