Orodha ya saini zetu imefika kwa mwenye nyumba, na aliyeipeleka mnamjua nyote

Ndugu wapangaji, ninaandika huku mikono ikinitetemeka. Sitamtaja jina, maana hata paka wa ngazini anamjua. Kwa wiki sita tumebisha hodi mlango kwa mlango kukusanya saini za kupinga nyongeza ya kodi. Bibi wa chumba cha chini, asiyejua kuandika, alichovya kidole gumba katika wino wa buluu, akakibandika pembeni mwa karatasi, kisha akaniuliza mara mbili kama karatasi ile haitatoka mikononi mwetu. Nikamwapia kwamba haitatoka.

Jana jioni bwana huyo aliikunja mara nne mbele ya kikao, akaitia katika mfuko wa shati, akatuambia kwake itakuwa salama zaidi. Leo asubuhi nimemkuta wakala wa mwenye nyumba amesimama ngazini, anasoma majina yetu kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio. Mikunjo ni ile ile. Kidole gumba ni kile kile cha buluu!

Msiniambie nitulie. Mwaka 1915 wanawake wa Glasgow, mji wa Uskoti, akiwamo Mary Barbour, mmoja wa viongozi wao, waligoma kulipa nyongeza ya kodi ya nyumba, na ofisa alipokuja kumtoa mmoja wao nyumbani, kengele ililia na ngazi zikajaa wanawake. Kabla mwaka haujaisha Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia kodi ya nyumba isipandishwe. Wale walikuwa na kengele. Yetu imekunjwa mara nne ikapelekwa kwa mwenye nyumba. Mara nne, mbele ya macho yetu!

Jirani wa Juu: Pole, lakini kosa la kwanza ni lako. Nani alikushauri majina yote yakae katika karatasi moja, isiyo na nakala, mfukoni mwa mtu mmoja? Kwetu kila ghorofa ilitunza orodha yake, na barua haikwenda mpaka wengi walipokwisha kutia saini, ili asipatikane wa kuonewa peke yake.

Mwenye Ndoo: Wewe unalilia karatasi, mimi dari inanivujia kitandani. Kamati hiyo hiyo iliniambia kodi kwanza, dari baadaye. Hiyo baadaye itafika lini?

Mleta uzi: Dari yako inaniuma, ndugu yangu, lakini bibi amenifuata mchana huu kuniuliza karatasi iko wapi, nami nimekosa la kumjibu. Bwana yule aliikunja mbele yangu nikanyamaza.

Aliyehama: Afadhali nyinyi bado mna vyumba. Mimi nimehama miezi minane iliyopita na amana yangu sijarudishiwa, eti nimeharibu ukuta ambao niliukuta na nyufa.

Mwenye Ndoo: Uliupiga picha siku ya kuingia?

Aliyehama: Sikupiga.

Jirani wa Juu: Na risiti ya amana unayo? Tuanzie hapo.